Dativu na Kauli ya Kutendea: Nani Huguswa na Kitenzi cha Kiswahili?

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa kuwa sentensi "Mama alimpikia mtoto uji" ina shamirisho mbili: uji ni shamirisho kipozi na mtoto ni shamirisho kitondo. Hufundishwa vilevile kuwa kipozi huathiriwa na kitenzi moja kwa moja, ilhali kitondo huathiriwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Maelezo haya hukaririwa, huandikwa katika karatasi ya mtihani na kutuzwa alama. Aghalabu huishia hapo. Ni wachache wanaouliza mgawanyo huu ulitoka wapi, na iwapo sarufi ya Kiswahili yenyewe inaukubali.

Makala haya yanadhamiria kulifuata swali hilo hadi kwenye chimbuko lake, yaani uhusika unaoitwa dativu katika sarufi za Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kinazo takriban maana zote za dativu, lakini dativu yenyewe hakina. Na kwamba tunapomwita mtoto wa sentensi hiyo "shamirisho isiyo ya moja kwa moja" tunakivika Kiswahili vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika shamba la wanasarufi. Jawabu litajitokeza tutakapofika kwa wafiwa.

Jina na asili yake

Neno dativu limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupa. Warumi nao waliwafuata Wagiriki, ambao walikuwa wameuita uhusika huo kwa jina lililotokana na kitenzi chao cha kupa. Katika lugha hizi nomino hubadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Tazama mfano huu wa Kilatini:

(1) Magister puero librum dat. (Mwalimu anampa mvulana kitabu.)

Mvulana anapokuwa kiima huitwa puer. Hapa amekuwa puero kwa sababu yeye ndiye mpewa. Kitabu, ambacho umbo lake la kiima ni liber, kimekuwa librum kwa sababu ndicho kinachotolewa. Maadamu kila nomino imebeba alama yake, maneno yanaweza kupangwa upya, puero yakatangulia na magister yakafuata, na bado hapana atakayedhani kwamba mvulana ndiye anayempa mwalimu kitabu.

Hata hivyo, jina hili la kupa linapotosha. Tukiangalia matumizi halisi ya dativu tunakuta kwamba mpewa ni mmoja tu kati ya wengi wanaoishi katika nyumba hiyo. Mjerumani akiibiwa pesa husema "Er hat mir das Geld gestohlen", na neno mir, lenye maana ya mimi, liko katika dativu. Hapa hakuna aliyepewa chochote, kuna aliyenyang'anywa. Akihisi baridi husema "Mir ist kalt", dativu tena, ingawa hakuna mtenda wala kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kitenzi cha Kijerumani cha kusaidia, helfen, hudai dativu, ilhali sisi humsaidia mtu kwa shamirisho ya kawaida kabisa. Katika Kigiriki cha kale mambo yalipanuka zaidi, kwa kuwa dativu ilibeba pia ala, yaani kifaa cha kutendea jambo, na mahali pa tendo. Basi mpewa, mwibiwa, mwenye baridi, kisu na mahali vyote viko chini ya paa moja. Je, ni nini kinachowaunganisha?

Jawabu la kale kuliko yote nilijualo ni la Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti aliyeishi karne kadhaa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Panini alitenga mambo mawili ambayo sarufi za shuleni huyachanganya: dhima ya mshiriki katika tendo, na kiambishi kinachoidhihirisha dhima hiyo katika nomino. Dhima inayotuhusu aliifafanua kuwa ni ya yule ambaye mtenda amemkusudia kwa kile kitu anachokitenda. Karne nyingi baadaye, mwaka 1968, Mmarekani Charles Fillmore aliyeasisi Sarufi Uhusika aliiweka dativu katika orodha yake ya dhima za ndani, akaieleza kuwa ni uhusika wa kiumbe hai anayeathiriwa na hali au tendo linalotajwa na kitenzi. Baadaye yeye mwenyewe aliligawa fungu hilo kwa majina mengine, lakini wazo la msingi linatufaa: dativu ni mlango anamopitia mtu aliyeguswa na tendo, liwe la heri au la shari. Katika makala haya nitamwita mguswa.

Kitenzi kinapobeba mzigo wa nomino

Nomino ya Kiswahili haibadiliki kwa uhusika. Mtoto ni mtoto, awe mpishi au mpikiwa. Alama ya kwamba kuna mguswa huwekwa katika kitenzi, kwa kiambishi tunachokiita cha kauli ya kutendea: pika huwa pikia, andika huwa andikia, soma huwa somea, leta huwa letea. Kanuni za vokali zinajulikana na sina haja ya kuzirudia kwa kirefu. -I- hufuata a, i na u, na -e- hufuata e na o. Linalosahaulika ni konsonanti l inayojitokeza ghafla katika nunua na nunulia, kaa na kalia, toa na tolea. L hiyo haikuzuka. Ni masalio ya sauti ya kale ya Kibantu iliyodondoka kati ya vokali, na ambayo jamaa za Kiswahili bado wameihifadhi kwa namna mbalimbali katika kiambishi hikihiki: Kikuyu kina kũruga na kũrugĩra, Kiganda okufumba na okufumbira, Kizulu ukupheka na ukuphekela, yote yakiwa na maana ya kupika na kupikia. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya lugha za Kibantu amekuwa na kauli ya kutendea kinywani tangu utotoni.

Tofauti ya mahali pa alama si jambo dogo. Mlatini huiambia nomino: wewe ndiwe mguswa. Mswahili hukiambia kitenzi: jiandae, kuna mmoja zaidi anakuja. Kwa hiyo kauli ya kutendea ni mashine ya kuongeza kiti mezani. Hoja inayofuata ni kwamba huyo aliyeongezewa kiti haketi pembeni. Hukalia kiti cha mbele.

Nani shamirisho ya moja kwa moja?

Tuchunguze kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni kiambishi cha shamirisho ndani ya kitenzi.

(2) (a) Mama alimpikia mtoto uji.
(b) *Mama aliupikia mtoto uji.

Kabla ya mtoto kuja, uji ulikuwa na haki ya kuwakilishwa ndani ya kitenzi: "Mama aliupika uji". Mara -i- inapoingia, haki hiyo humhamia mtoto. Kipimo cha pili ni kauli ya kutendwa.

(3) (a) Mtoto alipikiwa uji na mama.
(b) *Uji ulipikiwa mtoto na mama.

Sentensi (3b) hukwaruza masikio ya wasemaji wengi. Anayepanda kuwa kiima ni mtoto, na uji hubaki nyuma. Sasa linganisha na Kilatini:

(4) Puero liber a magistro datur.

Hapa kitabu ndicho kilichopanda kuwa kiima, na mvulana amebaki na dativu yake ileile ya mfano (1). Mwelekeo ni kinyume kabisa na wa Kiswahili. Kwa mujibu wa sarufi ya Kilatini ni haki kusema kwamba kitabu ni shamirisho ya moja kwa moja na mvulana si ya moja kwa moja, kwani ndivyo zinavyotenda. Tukivitumia vipimo hivyohivyo katika Kiswahili, jibu hugeuka: mtoto ndiye mwenye sifa zote za shamirisho ya moja kwa moja, na uji umesukumwa kando.

Lugha zote za Kibantu hazilingani katika hili. Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha mwaka 1990 kuwa katika Kichaga shamirisho zote mbili zinaweza kupanda kuwa kiima, na Kinyarwanda nacho kina ukarimu wa namna hiyo. Kiswahili ni bahili zaidi. Ndiyo maana napendelea istilahi ya yambwa tendewa, inayotumiwa na wenzetu wa Tanzania. Angalau jina hilo linaturejesha kwenye kauli ya kitenzi iliyomleta mhusika, badala ya kumpa cheo cha pili alichokirithi kutoka Roma. Istilahi kitondo yenyewe haina hatia. Kosa limo katika ufafanuzi unaoambatanishwa nayo.

Mpira wa Juma

Kuna sentensi moja inayopendwa na watahini, na ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini amewahi kukutana nayo kwa sura hii au ile: "Asha alimpigia Juma mpira". Swali hutaka maana zote, na majibu hukaririwa kama orodha: Asha aliupiga mpira kuelekea kwa Juma, aliupiga kwa niaba ya Juma, alimpiga Juma kwa sababu ya mpira, alimpiga Juma kwa kutumia mpira.

Orodha hii inafaa kuchambuliwa badala ya kukaririwa. Katika maana mbili za kwanza kinachopigwa ni mpira, na -i- imemleta Juma. Katika maana mbili za mwisho anayepigwa ni Juma mwenyewe, na -i- imeuleta mpira, mara kama sababu, mara kama ala. Yaani kiambishi kimoja kimefungua mlango uleule, lakini aliyeingia si yuleyule. Utata haumo katika kitenzi tu, wala katika nomino. Umo katika kutojua nani alikuwamo ndani tangu mwanzo na nani ni mgeni. Mlatini hangepata taabu hiyo, kwa sababu angempa Juma umbo la dativu au la shamirisho ya kawaida, na mambo yangekwisha. Sisi tumeachiwa muktadha.

Ala na sababu ndizo maana zinazoikaribisha kauli ya kutendea kwa Kigiriki cha kale kuliko kwa Kilatini. Tunasema kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia, kikombe cha kunywea chai. Tunauliza: unalilia nini? Unachekea nini? Upo pia mwelekeo, kama katika kuhamia Nakuru na kukimbilia msituni. Inafaa wanafunzi wazifananishe jozi kama hizi: aliyemkimbia mamaye amemtoroka, aliyemkimbilia mamaye ametaka hifadhi, kumwomba Mungu si kumwombea mgonjwa, kumcheka mtu ni kumdhihaki, kumchekea ni kumwonyesha bashasha. Wakati mwingine kauli huganda ikawa neno jipya, kama ilivyo kwa kunuka na kunukia, ambako silabi moja hututoa jalalani na kutupeleka bustanini. Kiambishi kikirudiwa, kama katika tupilia na shikilia, mara nyingi hakileti mhusika mpya bali hulikaza tendo. Hayo yanahitaji makala yake.

Wafiwa, walionyeshewa na walioishiwa

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Wanasarufi wa Kilatini waliitenga dativu ya faida, ya anayenufaika na tendo, na dativu ya hasara, ya anayeumizwa nalo. Kiswahili hakitengi kwa umbo, lakini upande wa hasara kimeujengea jumba kubwa.

Kitenzi kufa kina mhusika mmoja tu, anayekufa. Hakina shamirisho. Lakini tukisema "Mumewe alimfia", kauli ya kutendea imemwingiza mtu wa pili katika kifo ambacho si chake. Tukiendelea hadi kauli ya kutendwa, mtu huyo huchukua kiti cha kiima: "Amefiwa". Mjerumani husema "Ihm ist die Frau gestorben", mke amekufa na mume yuko katika dativu, ila mume wa Kijerumani hubaki dativu, hapandi. Wa Kiswahili hupanda. Sentensi nzima inakuwa yake. Marehemu akitajwa hutajwa mwishoni, baada ya na, na mara nyingi hatajwi kabisa. "Amefiwa" linatosha kubadilisha sauti za watu waliomo chumbani.

Tazama jinsi jumba hili lilivyojaa. Kunyesha hakuna hata mtenda tunayeweza kumnyoshea kidole, lakini kuna aliyenyeshewa. Fedha huisha zenyewe, lakini kuna aliyeishiwa. Kitabu hupotea na kuna aliyepotelewa. Gari huharibika na kuna walioharibikiwa njiani. Hata kuchelewa, neno tunalolitamka kila asubuhi bila kulifikiria, linatokana na kucha: aliyechelewa ni yule ambaye kumemkuchea kabla hajaondoka. Vitenzi vya msingi katika kundi hili, yaani kufa, kunyesha, kuisha, kupotea, kuharibika na kucha, havina shamirisho wala havimtaji mwanadamu aliyepatwa. Mwanadamu anaingizwa na kiambishi cha kutendea, kisha anakwezwa na cha kutendwa. Ni sarufi ya watu wasioamini kwamba jambo hutokea tu bila kumtokea mtu.

Kwa mhakiki wa riwaya na tamthilia hili si pambo. Mwandishi anayeandika "Baba alikufa mwezi wa Aprili" amesimama kando ya jeneza. Anayeandika "Tulifiwa na baba mwezi wa Aprili" amesimama kati ya waombolezaji. Tukio ni moja na tarehe ni moja. Kilichohama ni macho ya msimulizi. Tunapofundisha nafsi ya usimulizi na mtazamo, hutaja nafsi ya kwanza na ya tatu tukadhani tumemaliza, ilhali mnyambuliko wa kitenzi umekwisha kutuambia ni moyo wa nani tunaotakiwa kuuona. Aidha, mfasiri anayehamisha matini kutoka Kiingereza hukabiliwa na uamuzi huu kila ukurasa. Kiingereza cha kale kilikuwa na dativu, kikaipoteza, na kilichosalia ni vipande vichache katika viwakilishi. Atakayefuata neno kwa neno atatupa Kiswahili kisicho na kosa la sarufi ambacho watu hufa bila kumfia mtu yeyote.

Kuna tawi jingine ambalo Walatini walilitambua kwa jina la dativu ya kimaadili, na ambalo halitajwi katika vitabu vyetu vya shule. Mama akimwambia mtoto "Usinililie hapa!", -ni- haimaanishi kwamba mtoto anamlilia mama, wala kwamba analia kwa niaba yake. Mama anajitangaza tu kuwa mguswa wa kilio kisichomhusu. "Usinichafulie nyumba" na "Usiniharibie siku" ni ndugu zake. Mwanafunzi akiulizwa aina ya shamirisho iliyomo katika "Usinililie", nashuku kwamba orodha ya maana aliyoikariri haitamwokoa.

Kitenzi kupa na mgogoro wa -pea

Nimekiacha makusudi kitenzi kilichoipa dativu jina lake. Kupa hakihitaji kauli ya kutendea. Mguswa amezaliwa ndani yake. Hatuwezi kusema *"Mwalimu alipa mtoto kitabu". Ni lazima "alimpa". Aidha, kitu kinachotolewa hakiwezi kuwa kiima cha kupewa. Tunasema mtoto alipewa kitabu, au kitabu kilitolewa kwa mtoto, wala si *"kitabu kilipewa mtoto".

Hata hivyo, katika mazungumzo ya Kenya, hasa mijini, twasikia "nipee" na "alimpea", na maumbo haya yameanza kupenya katika insha. Wengi huyakemea na kupita. Tukubali kwanza kwamba si sanifu, na anayeandika makala, tasnifu au mtihani hana budi kuandika "nipe" na "alimpa". Lakini kukemea si kueleza. Msemaji wa -pea anasukumwa na mambo mawili. La kwanza ni umbo kupewa. Kwa kuwa pikiwa hutokana na pikia, na letewa na letea, anadhani pewa sharti itokane na pea. Hoja yake ina mantiki ila haina historia: pewa ni kauli ya kutendwa ya pa, kama nywewa ilivyo ya nywa, kwani vitenzi vya silabi moja huhitaji vokali ya ziada kabla ya -w-. La pili ni la maana. Katika letea, nunulia, andikia na pelekea, msemaji amezoea kuona alama ya mguswa juu ya kitenzi. Anapofika kwa pa, kitenzi chenye mguswa wa dhahiri kuliko vyote, anakuta hakina alama. Anaibandika.

Hii ina maana kwamba mtoto wa Nairobi anayesema "nipee", bila kusikia habari za Panini wala Fillmore, ametambua kuwa kupa na kuletea ni vitenzi vya ukoo mmoja, na anadai vivae sare moja. Mwalimu anayemsahihisha anaweza kufuta -e- iliyozidi kwa kalamu nyekundu. Anaweza pia, kwa dakika tano tu, kuandika ubaoni pa, pewa, leta, letea, letewa, kisha akaliuliza darasa ni kitenzi kipi kati ya pa na leta kinachomhitaji msaidizi ili kumfikia mtu, na kwa nini.